King'ora Kikilia, Maji Bure

Nyinyi mlioajiriwa juzi kwenye ofisi za habari na dharura, mliopewa fulana za kung'aa na redio za kiunoni, kaeni niwaambie jambo ambalo walimu wenu hawatawaambia, kwa sababu hawakuwako. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Sasa nimestaafu, niko Msambweni na mihogo yangu na kifua kisichotulia. Sikuja kujisifu. Kuna mwanamke amelala kaburini upande wa Kinango, na mkono wangu umo.

Nilikuwa kwenye kituo cha kusafisha maji. Jina lake silitaji, wa huko wanalijua. Maji yalitoka bwawani yamechafuka kama chai ya maziwa, yakachujwa, kisha yakatiwa klorini ya kuua vijidudu. Klorini yetu ilikuja imeshindiliwa ndani ya mitungi mikubwa ya chuma. Ikiwa ndani ya maji haina neno. Ikitoka hewani inaunguza macho, inaunguza koo, inaunguza mapafu. Kwa hiyo kanuni ilitaka kila baada ya muda tupige king'ora na kufanya zoezi pamoja na wanakijiji, ili siku gesi ikivuja wajue la kufanya. Afisa wa kuelimisha umma nilikuwa mimi. Wanawake wa kijijini waliniita Bwana Zoezi, na jina lenyewe, niseme kweli, nililipenda.

Zoezi la kwanza lilikuwa kichekesho. Tulikodi pikapu yenye vipaza sauti kutoka Ukunda, tusijue kwamba wiki iliyotangulia ilikuwa ikimpigia mtu kampeni. Picha yake ilikuwa bado imebandikwa mlangoni, anacheka meno yote nje. Mimi natangaza hatari ya gesi, watu wananiuliza unga wa kampeni uko wapi. Ujumbe wa simu nao tuliutuma kwa Kiingereza, maana aliyetuuzia mtambo alisema ndivyo ulivyopangwa. Bibi mmoja alimpelekea jirani simu yake amsomee, jirani akamwambia ni kampuni inamkumbusha aongeze salio. Waliofika mahali pa kukusanyika walikuwa wazee watatu na mbuzi wa mtu.

Kwenye fomu ya zoezi kulikuwa na pengo la kujaza: waliojitokeza ni wangapi. Nikaandika watatu. Mbuzi sikumwandika, ingawa shetani alinishawishi. Meneja aliisoma ile fomu, akanitazama, akasema kwamba zoezi lijalo watakuja wageni kutoka makao makuu na anataka kuona watu. Hakusema anataka watu wafundishwe. Alisema anataka kuwaona, na mimi sikuuliza zaidi.

Mnaijua Kinango wakati wa kiangazi. Maji tuliyoyasafisha yaliingia kwenye mabomba makubwa yakateremka pwani, mijini na mahotelini. Kijiji kilichokuwa mlangoni petu kilikuwa na kioski kimoja cha maji, nje kidogo ya lango, bomba mbili, na siku nyingi bomba hizo zilikohoa hewa tu. Basi nikatoa rai. Siku ya zoezi tufungue kioski, maji bure. Atakayesikia king'ora akafika langoni na kuandikwa jina, atajaza madumu mawili. Rai hiyo ni yangu. Nasema mapema msije mkamtafutia lawama mtu mwingine.

Wallahi, zoezi la pili king'ora hakijamaliza mlio wake wa kwanza, njia yote ilikuwa ya manjano kwa madumu. Wanawake walikuja mbio wanacheka, wengine na watoto mgongoni, wazee na mikongojo yao. Wageni walipiga makofi. Mmoja alisema hajaona pwani nzima kijiji chenye mwitikio kama kile. Nikapewa cheti, nikakitundika sebuleni ambapo kila anayeingia angekiona.

Aliyeandika majina alikuwa Nyamvula, mke wa Ruwa, mfuga mbuzi. Alikuwa na mwandiko ulionyooka, na watu walimsikiliza bila yeye kupaza sauti. Nilimpa daftari nene na kalamu, nikamwambia kwamba king'ora kikilia yeye ni wa kwanza kufika langoni na wa mwisho kuondoka, kwa sababu asiyeandikwa hatutajua kama yu salama. Nilisema hivyo nikiwa nawaza fomu yangu. Yeye alilichukua neno hilo kwa uzito ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Mtu akichelewa kufika alimtuma mtoto wake kumwuliza kulikoni.

Siku moja barazani, baada ya mimi kumaliza hotuba, aliinua mkono akauliza, "Bwana Zoezi, siku ikiwa kweli, twende wapi?"

"Papo hapo langoni," nikamjibu. "Mtaelekezwa."

Na ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi tulizogawa nyumba kwa nyumba, kwa Kiswahili safi na kwa Kiduruma, herufi kubwa: Kusanyikeni langoni mpate maelekezo. Watu walizibandika kando ya kalenda.

Sasa niwaambie juu ya Fundi Bakari, maana yeye alikwisha kunionya. Bakari alikuwa mtu wa Ramisi, ujana wake aliumaliza kwenye mitambo ya sukari, kisha akaja kwetu akawa bingwa wa klorini. Alinifundisha kutafuta panapovuja kwa kitambaa kilicholowekwa amonia. Unakipitisha polepole kwenye maungio, na penye tundu utaona moshi mweupe. Alinifundisha kwamba gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kufuata mabonde. Ukiinusa usilale kifudifudi, usijifiche mtaroni, wala usikimbie kule unakoelekea upepo. Tazama upepo kwanza, uukate kwa ubavu, kisha panda mlimani. Alikuwa ametundika shuka kuukuu juu ya mti mrefu ili auone upepo, na hakuna siku aliyogusa mtungi kabla ya kulitazama. Vijana wa zamu walimcheka. Shuka la mzee, walisema, nani amelikojolea.

Jioni ya lile zoezi la makofi, Bakari alikuwa ananawa mikono. Akanambia bila kunitazama, "Umewafundisha kuja. Kuondoka utawafundisha lini?"

Nikamwambia kidogo kidogo, fundi, kwanza wazoee. Akanyoosha kidole kutoka chumba cha mitungi mpaka langoni. Ni mteremko mtupu, hata mpira ukiuachia juu unafika kwenye kioski wenyewe. Niliuona. Nikajitia hamnazo, kwa kuwa mazoezi yangu yalikuwa yanasifiwa, na sifa ni tamu jamani, tusidanganyane. Tukafanya zoezi la tatu, la nne, na mengine. Kila mara langoni, kila mara maji bure. Bakari alistaafu akarudi kwao, na shuka lake likaoza juu ya mti.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Kioski kilikuwa kikavu tangu wiki iliyotangulia. Vijana wa zamu walikuwa wanabadilisha mtungi, vali ikakatika, gesi ikatoka. Walifanya walivyofundishwa. Wawili walivaa barakoa wakaingia kuziba, mwingine akabonyeza king'ora.

Mimi nilikuwa ofisini, jengo la juu. Nilipochungulia dirishani niliona madumu.

Walikuwa wanakuja. Njia nzima, kama siku zote, wanacheka kama siku zote. Nilinyakua kipaza sauti nikatoka mbio nikipita upande unakotoka upepo, ninapiga kelele warudi, wapande mlimani. Sauti ni ile ile waliyoizoea, ya Bwana Zoezi. Mwanamke mmoja aliwaambia wenzake kwamba leo nimekuwa mchoyo, maji yako ila sitaki wayapate. Wakasogea karibu zaidi na bomba, wakapanga foleni vizuri, ili nisipate sababu ya kuwanyima.

Kisha mtu akakohoa. Akafuata mwingine. Niliona ukungu wa kijani hafifu umeshuka mteremkoni, hauzidi kimo cha magoti. Foleni ikavunjika, madumu yakaanguka, watu wakatawanyika huku na huku, na wengi wakakimbilia bondeni, mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia. Nani angewaambia? Aliyelipwa kuwaambia alikuwa anahesabu waliojitokeza.

Nyamvula hakukimbia. Alikuwa ameketi kwenye jiwe lake kando ya kioski, amejiziba pua na ncha ya leso, anaandika. Kila aliyempita alimwita jina na kumtia alama. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, mara nyingi, mpaka sauti ikanikauka. Aliinua mkono mmoja kama mtu asemaye ngoja, nakuja, nimalize. Tulipomfikia, mimi na vijana wa zamu, gesi imepungua, alikuwa ameinama juu ya daftari. Tulimpakia pamoja na wengine kwenye lori la mchanga lililokuwa likipita. Wengine walipona, ingawa vifua vyao havikurudi kuwa vifua. Yeye aliaga dunia hospitalini siku ya pili.

Daftari nililichukua mimi. Ukurasa wa mwisho una majina, na mbele ya majina alama ya waliokwisha kuondoka. La kwake halina alama. Nililitia kwenye mtoto wa meza nikafunga kwa ufunguo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa kuwa gesi ilikuwa ajali, na lililofuata halikuwa ajali. Siku ileile aliyofariki meneja aliniita, akasema taarifa kwa umma itoke kabla ya adhuhuri. Akanielekeza niseme kwamba baadhi ya wananchi, marehemu Nyamvula akiwa mmoja wao, walikaidi ilani wakalisogelea eneo la hatari. Niliketi nikaiandika. Hakunishikia bunduki. Niliipamba hata, niliweka pole na dua mwanzoni na mwishoni, na katikati nikaweka lile neno. Ikasomwa redioni saa saba, kisha jioni, kisha kesho yake, kwa lugha mbili.

Neno likitoka redioni linaingia kila kibanda. Haikupita muda kijiji chenyewe kikaanza kulisema. Nyamvula alikaidi. Nyamvula alikufa kwa tamaa ya madumu mawili. Waliosema hivyo ni watu walewale aliowatia alama. Msiwalaumu sana. Aliyenusurika hutafuta sababu ya kunusurika kwake, na mimi nilikuwa nimewapa iliyo tayari. Mamake Ruwa alizuia jina la marehemu lisitajwe nyumbani, na binti yao akaacha kwenda kuteka maji pamoja na wenzake, akawa anakwenda peke yake jua la utosi. Ruwa alikuwa akisimama kila baraza kusema mke wangu hakuwa mkaidi. Watu walimwonea haya, wakatazama chini. Mwisho wakawa wakimwona anainuka wanabadilisha mazungumzo.

Hayo yote niliyajua. Nilikaa nayo miezi. Kila nikifika ofisini daftari liko pale kwenye mtoto wa meza na ufunguo mfukoni mwangu.

Aliyenitoa ni Bakari. Alikuja kwangu Ijumaa moja baada ya sala, akakaa ukumbini, akakataa chai. Kwetu mtu akikataa chai, jiandae. Akauliza daftari la yule mama liko wapi. Nikajibu liko mahali salama. Akasema, "Salama ya nani?" Akainuka akaenda zake, hata kwaheri hakusema, yeye aliyekuwa akiaga mpaka kuku wa watu.

Nilikwenda kwa meneja nikamwambia nataka kuirekebisha ile taarifa. Akasema tutasema kwamba maelekezo yalieleweka vibaya. Hapana, nikamwambia, yalieleweka vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoua. Akanikumbusha kwamba nimebakiza miaka michache nistaafu. Bora lawama kuliko fedheha, nikajisemea, lakini msidhani nilikuwa shujaa.

Marekebisho yana ufundi wake, na huu nawaachia. Uongo uliosomwa redioni haurekebishwi kwa karatasi ya kubandika ukutani. Unarejea redio ileile, saa ileile, lugha zilezile. Kosa linatajwa sentensi ya kwanza, kabla msikilizaji hajapeleka mkono kubadilisha stesheni. Aliyekosea anatajwa kwa jina, hatumii "ilitokea" wala "ilionekana." Na aliyesingiziwa anatajwa kwa jina pia, kwa sauti ileile iliyomtia doa. Ukimaliza, nyamaza. Ukianza kujieleza umeharibu.

Nilisoma mwenyewe, nikatanguliza jina langu na la baba yangu. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba Nyamvula, mke wa Ruwa, alikaidi ilani. Ulikuwa uongo. Ilani ilimwambia aje langoni, na niliiandika mimi. Alikuja. Nilimwambia asiondoke kabla ya wengine. Hakuondoka. Daftari lake ninalo, na majina ya waliopona yamo, kwa mwandiko wake." Kisha nikasoma majina yote, jina baada ya jina, mtangazaji ananionyesha saa na mimi nasoma. Kesho yake nikaenda kusoma tena barazani, nimesimama mbele ya watu walewale. Wanawake walilia. Mzee mmoja alitema mate chini, na sikumlaumu.

Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye kipaza sauti. Baada ya miezi wakanirudisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kusimama mbele ya kijiji kile. Ndipo tukayafanya yaliyotakiwa kufanywa mwanzo. Kioski kikafunguliwa kila siku asubuhi, king'ora kisiwe na uhusiano na maji hata kidogo. Mahali pa kukusanyika pakahamishiwa shuleni, juu mlimani. Tukatundika mashuka kwenye miti mitatu, na watoto wa shule wakajua kuyasoma kuliko mimi. Fomu nayo nikaibadilisha. Badala ya waliojitokeza nikaandika waliobaki langoni, na nikasema zoezi litahesabiwa limefaulu siku pengo lile litakapokuwa sifuri. Ilituchukua mazoezi mengi. Mara ya kwanza lango lilipobaki tupu nilisimama pale peke yangu, king'ora kinalia, hakuna dumu, hakuna mtu. Nililia kama mtoto. Ilikuwa rahisi hivyo, na ningeweza kuifanya tangu mwanzo.

Lakini nimewarukisha. Siku ile ile ya baraza, Ruwa hakuwepo. Waliniambia amechoka na mabaraza. Nikafuatana na Bakari, aliyekuwa amekuja kunisikiliza barazani, mpaka kwa Ruwa, daftari nimelibeba kwapani.

Tulimkuta anatengeneza uzio wa zizi. Aliponiona alifuta mikono akaniamkia shikamoo, kwa adabu zake zote, na mimi nikaitika marahaba nisiyoistahili. Akatutolea viti. Redio alikuwa ameisikia. Nikamkabidhi daftari, nikamwonyesha ukurasa wa mwisho. Aliutazama muda mrefu, anapitisha kidole chini ya majina, mpaka akafika kwenye la mkewe. Akalifunga.

Nikamrudia yote kwa mdomo wangu, nikiwa nimemtazama usoni, kwamba mkewe hakukaidi, kwamba alifanya kila neno nililomfundisha.

Akasema, "Miezi yote hii nimemtetea kwamba hakuwa mkaidi. Leo umenithibitishia." Akalishika lile daftari kwa mikono miwili. "Na sasa moyo wangu unaniambia, heri angalikuwa mkaidi."

Bakari aliinamisha kichwa. Mimi nilimwambia Ruwa pole. Jibu la pole mnalijua, hata aliyefiwa leo hulitoa, kwa heshima tu, ili asimwache mwenziwe na aibu.

Ruwa hakulitoa.